Siku Darasa Lilipokata DNA kwa Wembe

Oktoba 2015 Moshi haikuwa na utulivu. Uchaguzi Mkuu ulikuwa tarehe 25, magari ya matangazo yalishinda yakizunguka na spika zake, na ukiwa darasani ilibidi ungoje wimbo wa chama upite ndipo umalizie sentensi. Kwa hiyo jioni ya Jumatano tarehe 7, redio iliposema kwa mkato kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia wamepewa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar kwa kuchunguza jinsi seli inavyokarabati DNA yake, ile molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, kisha ikarudi mbiombio kwa wagombea wetu, sidhani kama mtaani kwetu Pasua kuna mwingine aliyetega sikio.

Mimi nilitega kwa sababu nilikuwa nafundisha Baiolojia kidato cha nne, na usiku ule nikamaliza bando lote nikisoma. Lindahl ndiye aliyeonyesha kuwa DNA si imara kama ilivyodhaniwa: inachakaa yenyewe ndani ya seli, hata usipoigusa, kiasi kwamba pasipo ukarabati uhai usingewezekana. Modrich alifuatilia makosa yanayozaliwa seli inaponakili DNA yake. Aliyenishika hasa ni Sancar. Mtoto wa Savur, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Uturuki, wazazi wake hawakusoma. Yeye akasomea udaktari Istanbul, akatibu watu wa vijijini, halafu akaacha yote hayo akaenda Marekani kushughulika na bakteria. Jambo lililomsumbua ni hili: bakteria waliopigwa mionzi ya urujuanimno, ile kali ya jua isiyoonekana kwa macho, mpaka wakakaribia kufa, mbona wakimulikwa mwanga wa bluu wanafufuka? Akiwa mwanafunzi kule Dallas aliipata jeni ya kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, fotolaizi. Baada ya hapo akaomba nafasi za utafiti, akakataliwa, akakubali kuwa fundi wa maabara pale Chuo Kikuu cha Yale ili mradi asiachane na DNA. Hapo ndipo nilipompenda. Nawajua watu wa digrii hapa mjini ambao wangekaa nyumbani miaka mitano kuliko kushuka ngazi moja.

Kesho yake nikawasimulia wanafunzi, nje ya mtihani kabisa. Nikasema kila siku jua linaharibu DNA ya ngozi yenu, na kila siku seli zinaitengeneza. Walinisikiliza kwa adabu ya watu wanaojua kuwa swali hilo NECTA hawataliuliza. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alikaa mbele kwa sababu ubao ulimsumbua machoni, ana ualbino.

"Samahani, madam. Kama mwili unajitengeneza wenyewe, mbona mimi sitengenezwi?"

Wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, ni ile aibu ya kusikia likisemwa jambo ambalo kila mtu hulizunguka. Ningeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Nikaona swali lake linastahili zaidi, nikamwambia tutalifanyia kazi Ijumaa, na kila anayeweza aje na wembe.

Nilinunua manila, nikakata mikanda mirefu, nikaandika herufi za nyuzi mbili za DNA: penye A juu, T chini; penye G juu, C chini. Nikaibandika ubaoni kwa selotepu. Kisha nikagawa kazi: mkaguzi, wakataji, wajazaji, na mmoja wa kugundisha. Mkataji mkuu alikuwa kijana mmoja wa Kibosho tuliyemwita Mangi, mwepesi wa mikono kuliko wa daftari. Nilipouliza nani atakuwa jua, yule msichana alishasimama.

"Niachieni mimi. Hakuna anayelijua jua kama mimi."

Kazi yake ilikuwa rahisi. Apite na kalamu nyekundu, na kila anapokuta T mbili zimefuatana azifunge kwa mstari. Ndivyo mionzi ya urujuanimno inavyofanya: thaimini mbili jirani, yaani hizo T, zinashikana, uzi unapinda, na mashine ya kunakili ikifika pale inakwama au inakosea. Mkaguzi anatafuta palipopinda. Wakataji wanakata huku na huku mwa doa na kukitoa kipande kizima. Wajazaji wanasoma uzi wa pili, ambao haujaguswa, wanaandika upya kilichotolewa, na mwenye gundi anafunga. Sancar alipima hata urefu wa hicho kipande: kwa bakteria ni herufi 12 au 13, kwa binadamu ni 27 hadi 29. Nilitamani wakate 27 kamili, ila manila isingetosha, tukakata kama bakteria.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa jua la asubuhi. Akaweka doa, akatembea, akaweka jingine, na mafundi wakamfuata nyuma taratibu mpaka mkanda ukawa safi. Wakajipigia makofi. Nikawaeleza kuwa ngozi yenye melanini ya kutosha, ile rangi ya asili ambayo mwenye ualbino amepungukiwa, inafyonza sehemu kubwa ya mionzi kabla haijafikia DNA, kwa hiyo jua lilikuwa linapiga kwa kubaniwa.

"Sasa ni saa saba mchana," nikasema, "na melanini hakuna."

Alikimbia. Alifunga T za juu, akafunga za chini, akarudia alipopita. Mangi alikuwa anatokwa jasho na wembe wake, wajazaji wanagombana nani anasoma herufi gani, gundi imemwagika mezani, mwalimu wa darasa la jirani amechungulia dirishani kuona kama kuna vita. Nilipopiga makofi kuwasimamisha, mkanda ulikuwa mwekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Yule msichana akausogelea sana, kama alivyosogelea kila kitu alichotaka kukiona, akaukagua.

"Kumbe mafundi wangu wapo."

"Wapo, na hawana kasoro. Wanazidiwa kazi tu."

Ili wasichanganye mambo, mzunguko wa tatu nilimtoa Mangi na wakataji wenzake wote, nikabakiza jua la asubuhi, lile la polepole. Madoa yakabaki palepale. Huo ni ugonjwa mwingine, adimu sana, zeroderma pigmentosamu, ambao mtoto huzaliwa na mafundi pungufu. Mwaka 1968 James Cleaver alionyesha kuwa seli za wagonjwa hao zinashindwa ukarabati huu. Nikamalizia na saratani. Doa lisipotolewa mpaka DNA ikanakiliwa, herufi inaweza kubadilika, na ikishabadilika hakuna mkaguzi wa kuitambua tena, kwa sababu uzi haujapinda. Badiliko likiangukia jeni kama p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika, seli hiyo inaendelea kugawanyika bila wa kuizuia. Kidonda huja baadaye sana. Yule msichana alikijua kidonda hicho. Shangazi yake, mwenye ualbino kama yeye, alifariki kwa kimoja cha shingoni kilichotibiwa kwa majani mpaka hospitali ikawa haina la kufanya.

Nilidhani tumemaliza. Yeye alikuwa ndio kwanza anapiga hesabu: mstarini asubuhi, kazi ya shamba la shule, mchakamchaka, kusubiri daladala. Mafuta ya jua alikuwa nayo, Kilisun, yaliyokuwa yakitengenezwa hapahapa hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, ila ukitoka jasho lazima upake tena, na jembe halikupi nafasi hiyo. Kofia ilikatazwa. Kofia si sare.

Mwalimu wa nidhamu alituambia sheria ni ya wote. Basi tukaenda kwa mkuu wa shule, binti mbele, mkanda mwekundu umekunjwa kwapani. Mkuu alikuwa mtu wa Historia, na Baiolojia aliiacha zamani.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hii nayo ni nini?"

Akaukunjua juu ya mafaili yake. "Ni mimi, mkuu, saa saba mchana."

Mkuu akavaa miwani. Akauliza maswali mengi kuliko darasa zima, likiwemo moja la busara: je, kivuli cha mwembe kinatosha? Nikamwambia kinapunguza, hakimalizi, kwa kuwa mionzi hurudishwa pia na anga na ardhi nyeupe. Akaandika kibali palepale: kofia pana ruksa, iwe ya bluu, mikono mirefu mwaka mzima, siku ya shamba afanye kazi maktaba. Kofia tuliipata kwenye mitumba ya Memorial, ya bluu iliyopauka, na wiki iliyofuata wavulana watatu wakaja kwangu wakidai nao wana matatizo ya thaimini.

Tulipotoka ofisini, yule msichana akaniuliza kuhusu fotolaizi, kile kimeng'enya cha mwanga wa bluu. Nilikuwa nimewatajia kwamba chura anayo, samaki anayo, mimea inayo, hata kangaruu, ila sisi hatuna.

"Tuliipotezea wapi, madam?"

Nikamwambia kuna wanaofikiri mababu wa mamalia wenye kondo kama sisi, si wa kangaruu, waliishi usiku kwa muda mrefu mno, kujificha, na kisichotumika kikapotea.

Akatembea kidogo akiliwaza. "Wangeibakiza tu. Kwani ilikuwa inakula ugali wa mtu?"