Siku moja maishani mwangu: mstari usio wetu

Saa moja asubuhi nazitazama seli kwa hadubini, nazibadilishia lishe, nazirudisha kwenye kabati la nyuzi 37. Hayo hayachukui muda.

Mimi ni fundi wa maabara. Jeni ninayoishughulikia inaitwa C9orf72, jina ambalo ni anwani tu: iko kromosomu ya 9. Ilisajiliwa hivyo kabla mtu hajajua protini yake ina kazi gani. Mwaka 2011 watafiti walikuta kwamba herufi sita za DNA ndani yake, GGGGCC, ambazo kwa watu wengi hujirudia mara chache, kwa baadhi ya wagonjwa wa ALS hujirudia mamia ya mara, hata maelfu. ALS huua neva zinazoendesha misuli. Tangu hapo jeni hii ina umaarufu, lakini protini yenyewe bado ina mengi ya kufumbuliwa. Hushikamana na nyingine mbili, SMCR8 na WDR41, na inaelekea husaidia seli kusafisha taka zake.

Saa tatu nausuuza utando, karatasi nyembamba iliyobeba protini za seli zetu; umelala tangu jana kwenye kingamwili mpya, molekuli inayotakiwa kunasa protini ya C9orf72 peke yake. Mara tatu, dakika kumi kumi. Kisha kingamwili ya pili, ile inayoifanya ya kwanza ionekane, saa nzima.

Saa tano, picha. Mstari, alama ya protini iliyonaswa, umetokea kwenye kilodaltoni 54, yaani uzito wa protini yetu, palepale tulipoutaka. Mwenzangu akapiga makofi. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye safu ya pembeni, ya seli ambazo tuliifuta jeni hiyo ndani yake. Mstari uleule, mweusi vilevile! Seli isiyo na jeni haitengenezi protini yake, kwa hiyo kingamwili ilikuwa imenasa kitu kingine kabisa.

Nikampigia muuzaji.

"Wateja wengine hawajalalamika," akasema.

"Wameijaribu kwenye seli zisizo na jeni?"

Akaniomba namba ya chupa. Nikampa. Akaniomba picha, nikatuma. Akaniomba tena namba ya chupa. Wiki tatu za kuzifuta jeni na kuzikuza seli zile, halafu naambiwa labda sikusuuza vizuri! Ninasuuza vizuri. Bila safu ile ya pembeni tungeandika uongo kuhusu protini ambayo wagonjwa wanasubiri ieleweke.

Mchana sikumbuki nilikaa wapi. Jeli mpya, sampuli zilezile, umeme wa kuzitenganisha protini kwa ukubwa, utando mwingine wa kuzipokea, mgongo unauma. Nje kukawa giza. Nikachukua kingamwili ya zamani, tone la mwisho kwenye chupa, nikaufunika utando na kuuweka kwenye chumba cha baridi mpaka kesho.