Usiku wa kwanza wa boti ya mjomba

Mjomba wangu alipostaafu uhasibu mwaka 2007, wenzake wengi walijenga vyumba vya kupangisha au wakanunua daladala. Yeye alichukua fungu nono la kiinua mgongo akaagiza boti ya uvuvi. Mgogo wa Mvumi huyo, mtu aliyekulia kwenye nchi ambayo korongo likipitisha maji watu hutoka majumbani kwenda kulitazama. Bibi, yaani mama yake, alipotajiwa bei aliuliza hiyo ni sawa na ng'ombe wangapi. Akahesabiwa. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na ikifa, ngozi yake utaifanyia nini?"

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Wakati wa mgawo wa umeme wa 2006, kila mwenye redio alijua habari za Bwawa la Mtera: kwamba maji yakishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo ya umeme haitakiwi tena kuyachota. Wengi wetu tulilijua bwawa hilo kwa namba tu. Mjomba alikuwa amelipita mara nyingi kwenye safari za kikazi za Iringa, basi linasimama, akina mama wanainua sinia za perege wa kukaanga hadi dirishani, na wakati wenzake wanabishana bei, yeye anapiga hesabu ya samaki wanaotoka kwa siku, nani anawatoa, na kwa chombo cha nani.

Ila alikuwa mtu wa kutoamini risiti asiyoiona. Badala ya kumwacha fundi ajenge pale mwaloni Mtera, ufukweni wanapoegesha wavuvi, alimchukua akamleta Dodoma mjini, boti ikajengwa uani kwake Nkuhungu. Fundi alikuwa mzee wa Ukerewe aliyefuata uvuvi miaka mingi hadi akaishia Mtera, kama walivyo wengi pale. Alipewa chumba cha uani na sahani ya ugali na mlenda, ambao aliula kwa heshima na bila furaha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Februari ile ya 2008, nasubiri chuo, kwa hiyo nikawa kibarua. Kazi yangu ilikuwa kukandamiza ubao kwenye mataruma, yaani mbavu za boti, huku Fundi akipiga misumari. Mbao zilikuwa za mninga. Zilipokwisha kukaa, alianza kalafati: anasokota nyuzi za pamba, anazichovya kwenye mafuta, anazisukumia kwenye maungio kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Alikuwa akipiga anasikiliza. Sauti ikiwa nene anasogea mbele, ikiwa nyembamba anarudia. Mimi sikuweza kuitofautisha hata nilipoinamisha sikio.

Mwanzoni mwa Agosti boti ilikuwa tayari, mashine haikuwepo. Aliyeahidi kumuuzia mjomba mashine ya mkono wa pili alikuwa na maneno mengi, na maneno hayo yalichukua Agosti nzima na kipande cha Septemba. Anayeijua Dodoma ya miezi hiyo anajua ninachosema. Upepo mkavu kutwa, midomo inapasuka, milango iliyokuwa inakwama wakati wa masika inaanza kucheza kwenye fremu zake. Boti ilikaa juani hivyo hivyo, mbuzi wa jirani wanalala chini yake. Siku moja nilijilaza hapo chini mchana kukimbia jua, nikaona vistari vyembamba vya mwanga vimenilalia kifuani. Nilimwita Fundi. Akaja, akachungulia, akasema "ndiyo", akaenda zake. Kila jioni akawa anamwagia ndoo za maji kwa ndani, mpaka mjomba alipomkumbusha kwamba maji ya bomba Nkuhungu yana bili.

Mashine ilipopatikana tukakodi lori. Barabara ya Iringa wakati huo ilikuwa vumbi na mawe, kilomita mia na zaidi za kuruka: Mlowa, Fufu, Chipogoro. Pamba iliyokuwa imekaa vizuri Dodoma, baadhi ilifika Mtera inaning'inia. Fundi alizunguka akiirudisha kwa kidole gumba.

Tuliishusha Jumamosi alasiri. Gati letu lilikuwa uchochoro tu wa maji kati ya visiki, maana bwawa lilipojazwa miti ilifunikwa ikiwa imesimama, na hadi leo mashina yake makavu yamechomoza majini, yanachana nyavu za watu. Vijana walikuwa wamepasafisha, boti moja inaingia bila kugusa pembeni. Ikaombewa, soda zikafunguliwa, mashine ikafungwa nyuma, mjomba akazungushwa karibu na ufukwe akiwa amesimama, jambo ambalo halifanywi na mtu anayejua boti. Iliporudi na kutulia, maungio yakaanza kutoa jasho. Jasho likawa matone, matone yakaungana, na baada ya muda mfupi palikuwa na maji ya kulowanisha viatu.

"Fundi, hii inavuja," mjomba alisema.

"Inakunywa, bosi. Ndivyo zilivyo zikiwa mpya. Mbao imekauka, sasa inarudisha maji yake. Ikivimba itabana pamba, keshokutwa itanyamaza. Ila leo isilale peke yake. Nitalala nayo mimi na kopo langu. Mashine tuitoe, na mimi utanipa hela ya usiku."

Hapo kwenye hela ya usiku ndipo palipoharibika. Laiti angelala bila kudai chochote, au angeidai asubuhi! Mjomba alikuwa amekagua vitabu vya watu zaidi ya miaka thelathini, na masikioni mwake ile ilikuwa gharama ya nyongeza isiyokuwemo kwenye makubaliano. Akasema, "Nimekulipa boti, Fundi. Sikukulipa kichujio." Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alichukua mfuko wake wa vifaa akaenda kulala kwa mtu wa kwao.

Siwezi kumlaumu sana mjomba kwa hilo. Kila kitu alichowahi kujenga kilikuwa cha nchi kavu, na huko bati jipya likivuja unamwita aliyeliezeka arudi kuziba, humlipi akae chini yake usiku. Tena mawazo yake yalikuwa kwa wezi. Alitoa mnyororo aliokuja nao kutoka mjini, akaupitisha kwenye pete ya mbele ya boti, akauzungusha kwenye kisiki, akafunga kwa kufuli kubwa la kufungia duka. Mashine nayo akaifunga kwa waya wa chuma. Akavuta mara mbili kuhakikisha. Halafu sote tukaenda kula perege, na mjomba akatoa hotuba ndefu kidogo.

Mlango wa gesti uligongwa kabla jua halijatoka. Alikuwa mtoto wa kama miaka kumi. "Shikamoo. Mzee wa Dodoma, chombo chako kimekaa chini."

Tulipofika tulikuta pua ya boti imeangalia juu, imeshikwa na mnyororo uliokazwa kama uzi wa zeze, na nyuma yote iko majini. Mashine ilikuwa imezama mpaka mfuniko wake. Tenki la petroli lilikuwa limeelea hadi kwenye visiki, na juu ya maji palikuwa na utando wa rangi rangi. Wavuvi waliokuwa wanarudi kutoa nyavu walikuwa wameiona tangu ikiwa imejaa nusu. Mmoja alichota kwa dumu lililokatwa hadi mkono ukachoka. Kisha wakaamua kuiburuta juu mchangani, wako sita, wana nguvu, na ni hatua chache tu. Mnyororo ukakataa. Walitafuta jiwe wavunje kufuli, kufuli likawa zuri kuliko mawe ya Mtera.

"Funguo, mzee!"

Mjomba alijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma. Zilikuwa chini ya mto, gesti. "Mjomba, kimbia!" akaniambia mimi, maana nasi tunaitana hivyo hivyo wote wawili. Nilikimbia. Niliporudi, uzito wa boti ulikuwa umelibana kufuli kiasi kwamba ufunguo unaingia lakini haugeuki, ikabidi watu waingie majini hadi kifuani wainyanyue pua huku mwingine akipiga kelele kuwatisha mamba.

Fundi alifika wakati huo, kijiti cha mswaki mdomoni. Nilitegemea aseme neno. Akatema mate, akasema mashine itoke kwanza. Ikatoka, ikapelekwa kwa kijana mmoja wa pale aliyekuwa hodari. Alifungua plagi akavuta kamba, maji yakaruka kutoka kwenye silinda. Akavuta mpaka yakakoma, akatia oili, akavuta tena, akamwaga petroli yote na kuisafisha kabureta. Alisema ingekuwa maji ya chumvi asingeahidi kitu. Jioni iliwaka, kwa moshi mweupe mwingi na kikohozi, ikazima, ikawaka tena.

Boti ndiyo iliyonishangaza. Sote tulitaka imwagwe maji, na watu walikuwa wamekwisha shika ndoo. Fundi akawazuia. Mbao haizami yenyewe, akasema, kilichoikalisha ni mashine. Sasa imepata kile alichokuwa anaipa kwa ndoo pale Nkuhungu. Iachwe hivyo hivyo, imejaa, hadi kesho. Mjomba alimtazama kama anayetazama hesabu iliyokubali kwa njia asiyoielewa.

Jumatatu jioni tukaichota ikawa tupu, na usiku ule Fundi alilala nayo. Niliomba nibaki naye. Alichukua mkaa akachora mstari mfupi kwenye taruma, pale maji yalipofikia, kisha tukakaa. Viboko walikuwa wanakula nyasi upande wa pili, unawasikia wanavyong'oa. Alipohisi muda umepita aliwasha tochi: maji yamepanda vidole viwili juu ya mstari. Tukachota, akachora mwingine. Safari iliyofuata, kidole kimoja. Akanishika mkono akaupitisha kwenye ungio lililokuwa likinionyesha jua Dodoma, na sikuweza kupata nafasi ya kucha. Ubao, aliniambia, unanenepa upana, haurefuki, ndiyo maana unambana jirani yake. Karibu na alfajiri mstari ulibaki mkavu, akavuta koti lake akalala.

Asubuhi alidai hela ya usiku, na mjomba akamhesabia bila neno. Fundi alizihesabu, akazikunja, akabaki amesimama.

"Na wa Jumamosi, bosi."

"Jumamosi hukulala humo!"

"Niliomba kulala."

Walibishana hapo mwaloni hadi samaki wa asubuhi wakaisha kununuliwa, wahasibu wawili, mmoja hana daftari. Mwisho mjomba alilipa nusu, akaomba risiti, na mimi ndiye niliyeiandika.