Mkuyu wa Ng'ambo ya Igombe

Kondakta alinitoza 35,000 kwa ajili ya baiskeli, karibu nusu ya nauli yangu mwenyewe, kisha akailaza kwenye buti chini ya marobota ya mitumba. Niliteremka Tabora usiku nikakuta chuma kinachoshikilia kihamisha cheni kimepinda. Gesti ilikuwa 30,000, maji ya moto yakiwa ndani ya bei lakini si ndani ya bomba. Asubuhi nilioga kwa ndoo. Hayo nayasema mwanzoni niyamalize, maana yaliniuma, na yangeniuma zaidi kama safari ingeishia hapo.

Nilikwenda Tabora kutafuta vumbi. Dar naendesha Jumamosi alfajiri kuelekea Bunju, sikio moja nyuma kusikiliza malori, na kila mara nikirudi nyumbani salama nahisi nimekopeshwa siku. Baiskeli yangu ni ya barabara za changarawe: usukani umepinda kama wa mashindano, lakini tairi ni pana, milimita 40, na ndani halina tyubu, lina maji meupe ya gundi yanayoziba tundu la mwiba kabla hujajua umechomwa. Kuiendesha baiskeli kama hiyo juu ya lami ni kuionea. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kaskazini mwa mji wa Tabora kuna Bwawa la Igombe, na kwamba vijia vya wavuvi na wafugaji vinalizunguka.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Asiyeijua miti ya miyombo angedhani msitu umekufa, kumbe ndio unaanza: majani mapya yanachipua mekundu, rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Unatoka mjini chini ya miembe mikubwa, maembe bado mabichi, unaingia moramu nyekundu iliyojaa mawimbi yanayotikisa meno. Kisha mchanga. Kwenye mchanga usikate kona na usishike breki, punguza upepo wa tairi, kaa nyuma kidogo, uiache baiskeli ijitafutie njia. Nilipotokea kwenye mbuga, yaani bonde tambarare la udongo mweusi, udongo ulikuwa umekauka na kwato za ng'ombe za masika ndani yake, ngumu kama zimechomwa tanurini. Pale nilishuka nikasukuma.

Bwawa lenyewe nililiona ghafla, pana, limetulia, mtumbwi mmoja katikati. Miaka mingi mji wa Tabora umekunywa maji ya Igombe na ya bwawa dogo la Kazima, kabla ya bomba la Ziwa Viktoria kufika. Nilisimama nikatoa maji ya chupa ya dukani, ya shilingi 1,000, nikanywa nikilitazama.

Robo saa baadaye, kwenye kijia cha ng'ambo ya tuta, nilipita juu ya kisiki cha kichaka kilichofyekwa. Kilikuwa kimekatwa mshazari kwa panga, kali kama kalamu. Tairi la nyuma lilichanika urefu wa kidole gumba na maji meupe yakaniruka mgongoni. Mpasuko kama huo gundi haiuzibi. Nilikuwa na tyubu moja ya akiba. Nikaiingiza, nikajaza upepo, nikatembea nayo hatua chache, tyubu ikachungulia kwenye mpasuko kama ulimi, ikapasuka.

Hapo mbung'o wakanikuta. Nilikuwa nimevaa fulana ya buluu, na mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Mbu humsikii mpaka amalize. Mbung'o unamsikia anapoanza, na anapenya nguo. Nilisukuma baiskeli huku nikijipiga mgongo kwa kofia, jua la saa tano kichwani.

Mzee alitokea nyuma yangu bila sauti. Na yeye alikuwa anasukuma: baiskeli ya Phoenix, nyeusi, yenye magunia matatu ya mkaa, mawili ubavuni na moja juu ya kariya, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aushike akiwa nyuma. Nilimwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, kisha akanipa salamu ya kwao, "Mwangaluka," nami nikairudisha nilivyoweza. Aliinama akalitazama tairi, akaingiza kidole kwenye mpasuko.

"Halina tyubu?"

"Halikuwa na tyubu, baba."

"Linaendaje?"

Nikamweleza habari ya gundi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema twende.

Nyumbani kwake hakukuwa mbali. Mama alitupa kigoda na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, na karanga pembeni. Mzee aliosha mikono, akaleta beseni la maji na mfuko wa vyuma. Nilidhani ataanza na tyubu yake, lakini aliipima kwa macho akaiweka chini: kinywa cha tyubu ya Phoenix ni kinene, tundu la ringi yangu ni jembamba, haipiti. Akachukua ile yangu iliyopasuka, akaisugua kwa kipande cha bati, akapaka solusheni, akasubiri. Alisubiri kweli. Kisha akakata kipande cha tairi kuukuu, akakichonga kingo ziwe nyembamba, na kwa spoki aliyoinoa ncha akaanza kushona mpasuko kwa nyuzi za gunia, nje ndani, nje ndani.

Harufu ya solusheni ilinirudisha Korogwe. Baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge na alikuwa na Phoenix kama ile. Jumapili aliipindua ukutani, na kazi yangu ilikuwa kushika beseni lisitikisike wakati akizamisha tyubu kutafuta povu. "Umeliona?" alikuwa akiuliza, na mimi nilikuwa nasema nimeliona hata kabla sijaliona, nikimpendeza. Alipofariki baiskeli iliuzwa. Sikuuliza aliinunua nani.

"Unaenda kuchukua nini bwawani?" mzee aliuliza bila kuinua uso.

"Nalizunguka tu, baba."

"Unalizunguka. Halafu?"

Sikuwa na jibu. Huko Unyamwezi ndiko walikotoka wapagazi wa misafara waliofika pwani kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Hakuna aliyekwenda Bagamoyo kulizunguka jambo. Nikasema narudi mjini. Akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Basi ukifika ng'ambo, kuna mkuyu mkubwa, peke yake. Nilikuwa natega samaki pale. Siku hizi goti halinifikishi. Tazama maji yako wapi, uje uniambie."

Alitaka 2,000. Nilimpa noti ya kumi akaenda kutafuta chenji kwa jirani, akarudi nayo yote.

Tairi lilidunda kidogo kila lilipozunguka, pale penye mshono, tup, tup, na mlio huo ulinifuata siku nzima. Njia ya upande wa pili sitaisimulia. Ni mchanga, kivuli, mchanga, na mto Igombe wenyewe, kabla ya kuingia bwawani, ulikuwa mchanga mtupu nikauvuka nimebeba baiskeli. Mkuyu niliuona kutoka mbali. Chini yake palikuwa na ng'ombe wamelala na makaa ya moto wa zamani. Maji hayakuwapo. Nikaegemeza baiskeli kwenye shina, nikaanza kuhesabu kuelekea bwawani, juu ya tope lililokauka na kupasuka, mpaka viatu vikaloa.

Kesho yake nilikwenda Kwihara, karibu na mji, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, alimokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Lakini jioni ile nilirudi kwanza kwa mzee. Alikuwa uani, mama akipepeta.

"Hatua mia moja na arobaini kutoka kwenye shina," nikamwambia.

"Zako au zangu?"

Akainuka, tukasimama bega kwa bega kwenye ukuta, tukatembea uani hatua kumi. Zangu zilizidi zake kwa mbili. Akahesabu kimya, midomo ikicheza. Kisha akamwambia mkewe neno moja kwa Kinyamwezi ambalo sikulielewa, na mama akauweka ungo chini.