Nilivyofika Kenya nikiwa Lubumbashi

Siku nne za basi kutoka Nakuru kupitia Tunduma na Zambia sitazisimulia. Miguu ilivimba, basi. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo (DRC), nakumbuka foleni ya malori ya shaba na afisa aliyenirudishia pasipoti kana kwamba ananikopesha. Kilomita 90 baadaye nikashuka Lubumbashi giza limeshaingia, mkononi nimevaa bangili ya shanga yenye rangi za bendera yetu.

"Kenya, papa? Kenya?"

Nusura nimkumbatie yule kijana wa pikipiki. Nimefika ugenini sijamaliza hata kushusha begi, tayari nimetambuliwa!

"Ndiyo, Kenya!" nikajibu kifua mbele. "Kenya kabisa!"

Akalifunga begi nyuma kwa mpira. Nikamtajia hoteli yangu, ile ya katikati ya mji, lakini injini ilikuwa imeshanguruma. Watu wa bodaboda huku huitwa manseba, yaani mjomba, neno la Kiluba cha Kasai. Mjomba wangu alikwenda kasi. Taa zikapungua, mashimo yakaongezeka, harufu ya michopo, mbuzi wa kuchoma, ikatupiga usoni, na muziki wa baa tatu ukachanganyika. Akasimama kando ya soko.

"Tumefika Kenya."

Kumbe Lubumbashi ina komini saba, yaani wilaya za mji, na moja inaitwa Kenya. Kijana alikuwa akiita abiria tu, kama makanga wetu anavyoita "Pipeline! Pipeline!"

Alitaka faranga 5,000. Mimi nilikuwa na noti ya dola tano, nikampa nikidhani atashukuru. Akaielekeza kwenye taa, akaikunjua, akaona mchaniko ukingoni, mdogo kuliko punje ya mchele. Akanirudishia. Tukaanza kubishana, na watu wakakusanyika. Mama mmoja muuza bitoyo, samaki wakavu wa chumvi, akaichukua akaipapasa.

"Iyi dola iko na kidonda, papa. Haitapita."

Na hapo kibindoni mwake alikuwa na faranga zilizochakaa, laini kama kitambaa cha jikoni, nyingine zimeungwa kwa gundi. Hizo zinapita! Hadi leo sijaelewa. Alimlipa kijana, mimi nikabaki na deni.

"Unasemaka Kiswahili ya mu kitabu," akaniambia akicheka. "Sawa padiri." Yaani kama padri.

Akanikalisha kwenye kreti, akanipa bukari na sombe. Bukari ni ugali na sombe ni kisamvu, ila usiseme hivyo mbele yake. Nikila, nilimsikiliza akiuza. Alimhudumia mteja wa kwanza kwa Kibemba, akamtania manseba kwa Kiluba, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake, mkono haujaacha kufukuza nzi kwenye samaki.

"Sasa kwenu kule, wewe uko mutu wa wapi?"

Tonge likanikwama. Nakuru, Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, swali hilo liliulizwa barabarani na vijana wenye mapanga, na jibu lilikuwa na gharama. Tangu hapo nikiulizwa "wewe ni wa wapi" hutaja mtaa: Section 58. Nikamtajia mtaa.

Akanitazama kidogo, hakurudia swali. Alisema tu kwamba baba yake alitoka Kasai kufanya kazi reli, na kwamba mwaka 1992, Wakasai walipofukuzwa Katanga, yaani eneo hili la Lubumbashi, walilala stesheni wiki nyingi wakisubiri treni. Yeye alirudi baadaye. "Nilizaliwa hapa. Ningeenda fasi gani?" Kisha akamkemea mtoto aliyekuwa akichezea mizani.

Kurudi mjini manseba mwingine alinitoza 3,000. Hesabu mwenyewe nilivyoibiwa.

Siku tatu zilizofuata nilizunguka: Kamalondo kwenye uwanja wa TP Mazembe, Katuba, sinagogi la enzi za ukoloni kule mjini, na lile bomba refu la moshi la kiwanda na mlima wake mweusi wa mabaki ya madini, ambao huwezi kuukwepa hata ukitaka. Hoteli ilikuwa ghali na maji ya moto hayakutoka hata siku moja. Jioni nilirudi kwenye kreti yangu. Deni nililimaliza siku ya pili, kwa noti nzima.

Siku ya kuondoka mama alinifungia bitoyo kwenye gazeti, nao wakanukisha basi zima hadi Ndola.

"Ukasalimie bale ba Kenya ingine," akasema.