Pasipoti ya binti yetu imetoka!

Jamani, ndiyo tumetoka ubalozini sasa hivi. Mtoto kalala kifuani kwangu, pasipoti yake iko mkononi, na kila baada ya dakika mbili naifungua tena.

Ukijifungua ugenini, karatasi moja inasubiri nyingine. Kwanza cheti cha kuzaliwa cha nchi aliyozaliwa, kisha muhuri wa kuthibitisha kuwa cheti ni halali, kisha tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Sisi tulirudishwa kwa sababu jina la baba lilikosewa herufi moja kwenye cheti.

Herufi moja! Wiki sita zikapita. Kisomeni cheti pale pale dirishani kabla hamjaondoka, nawaomba.

Ila kilichonitoa machozi ni picha.

Tulimlaza juu ya shuka jeupe. Baba yake kapanda kiti na simu, mimi nimepiga magoti namtegemeza kichwa, mkono wangu usionekane. Macho wazi, mdomo umefungwa, atazame mbele, kivuli kisiwepo. Mtoto wa wiki tano, utamwambiaje?

Tulipiga zaidi ya 60. Ikakubaliwa moja.

Sasa naitazama hapa. Nywele zimesimama upande mmoja, macho kayatoa kama anauliza hawa ni kina nani. Na pembeni, kwa herufi kubwa, jina la bibi yake.

Bibi hajamshika bado. Nimempigia simu, akanyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mnakuja lini?"

Mliosajili watoto mkiwa nje, ile picha mliipataje? Niambieni.