Nilivyotengeneza brashi ya rangi inayobeba vizuri na kuachia vizuri

Brashi nyingi nilizowahi kushika zina tabia moja: zinapokea rangi kwa pupa na kuitoa kwa ubahili. Unachovya, unapiga mpigo mmoja, mwanzo wa mpigo unakuwa mzito hadi rangi inachuruzika, na mwisho wake unaacha mbao ikionekana. Unarudi koponi. Wakati huohuo rangi nyingi bado imo ndani ya brashi, inapanda kuelekea kwenye bati linalozifunga nywele kwenye mpini na kuanza kukauka huko. Kwenye ukuta mpana rola inamaliza mambo, lakini kwenye fremu ya dirisha, ukingo wa dari na kona za mlango huna ujanja, ni brashi tu. Ndiyo maana nikaamua kuunda yangu.

Kwanza nilivunja zilizochakaa. Ukilikata bati kwa mkasi wa bati na kulifunua, unakuta vitu vichache tu: fungu la nywele, gundi iliyozishika upande wa juu, ncha ya mpini, na kitu ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni kamwe, yaani kabari. Hiki ni kipande cha mbao au plastiki kinachokaa katikati ya nywele ndani ya bati, na kazi yake ni kuzitenganisha nywele kuwa safu mbili au zaidi ili kati yake pabaki uwazi wa kuhifadhi rangi. Brashi za bei rahisi hutumia kabari nene kwa sababu inajaza nafasi na kupunguza nywele. Ukiitazama kwa nje inaonekana nene na imara. Ibane kwa vidole viwili katikati, utasikia ulivyo uwazi.

Kabla ya kuunda chochote nilihitaji namna ya kupima, maana mkono hudanganya. Brashi mpya yenye mpini mzuri huonekana bora hata kama si bora. Nilichukua mizani ndogo ya kidijitali nikaweka juu yake kopo la rangi. Uzito unaopungua kila ninapochovya ndio mzigo wa brashi. Kisha nilipaka ubao laini kwa mpigo mmoja mrefu hadi rangi ilipoanza kukatika, nikapima urefu wa mpigo, halafu nikapima brashi yenyewe kujua kiasi kilichobaki ndani. Kumbe brashi iliyobeba rangi nyingi kuliko zote haikuwa iliyopaka mbali kuliko zote. Ilikuwa imejaa, lakini imefunga.

Sababu yake inaeleweka ukitazama nafasi zilizo kati ya nywele badala ya nywele zenyewe. Rangi haishikwi na nywele, inashikwa kati yake. Katika nafasi nyembamba kimiminika hupanda chenyewe, na nafasi ikipungua nusu, kimo kinachoweza kupanda kinaongezeka mara mbili. Hilo ni zuri kwa kubeba. Lakini mtiririko una hesabu nyingine, nayo ni kali zaidi: kwenye mrija mwembamba, ukipunguza kipenyo kwa nusu, kinachopita kwa msukumo uleule kinabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kila ukizibana nywele ili zishike zaidi, unazinyima kuachia kwa kiwango kikubwa zaidi. Mambo hayo mawili yanavutana, na ubunifu wote wa brashi uko hapo.

Niliwahi kusoma alichoandika msomi Mmarekani Donald Schön mwaka 1979 kuhusu watafiti waliokuwa wakihangaika na brashi ya nywele za kutengenezwa, ambayo ilipaka kwa mabaka pale ambapo ile ya nywele za asili ilipaka laini. Walijaribu kubadilisha unene wa nywele, wakajaribu kupasua ncha, bila kufika popote. Kisha mmoja wao akasema kwamba brashi ni aina ya pampu. Wakaacha kutazama nywele, wakaanza kutazama njia zilizo kati yake: unapoikandamiza brashi, nywele zinajikunja, njia zinabadilika ukubwa, na rangi inasukumwa itoke. Nywele za asili zilikuwa zikijikunja kwa mzingo wa taratibu, na zile nyingine zilikuwa zikivunjika kama kiwiko. Kiwiko kinaziba njia pale kinapopinda.

Nilipoijaribu hoja hiyo kwa kipande cha kioo, nikiikandamiza brashi upande mmoja na kutazama kutoka upande wa pili, niliona jambo lenyewe. Brashi yenye nywele za unene mmoja tangu shina hadi ncha ilipinda karibu kabisa na bati. Shinani nywele zikabanana, nchani zikatawanyika vidolevidole, na rangi ikatoka kwa bonge moja na kukatika. Nyingine, yenye nywele zilizochongoka, ilipinda kuanzia nchani na mzingo ukapanda polepole kadiri nilivyoongeza nguvu. Ukanda wa rangi chini ya kioo ulikuwa na upana uleule muda wote.

Kuanzia hapo niliamua kwamba sitatumia nywele zisizochongoka hata nikipewa bure. Hesabu yake ni hii. Ukivipanga vijiti vya mviringo vilivyo sawa na kuvibana kabisa, vinajaza karibu asilimia 91 ya eneo, na kinachobaki kwa ajili ya rangi ni asilimia 9 tu. Sasa tuseme unywele mmoja una unene wa milimita 0.3 shinani na milimita 0.15 nchani. Unene umepungua nusu, lakini eneo la mkato wake limepungua mara nne. Fungu lilelile, kama upana wake usingebadilika, nchani lingekuwa na nywele karibu asilimia 23 na nafasi tupu asilimia 77. Kwa kweli upana haubaki vilevile, kwa sababu rangi yenyewe huzivuta nywele zikagandana zikilowa. Hata hivyo sehemu tu ya nafasi hiyo inatosha. Shinani njia ni nyembamba na zinashika rangi isidondoke, nchani njia ni pana na zinaiachia.

Na bado kuna faida ya pili ndani ya umbo hilohilo. Ukakamavu wa unywele hufuata unene wake kwa kipeo cha nne, kwa hiyo ncha yenye nusu ya unene ni laini mara 16 kuliko shina. Hiyo ndiyo inayoleta mzingo wa taratibu. Sidhani kama kuna badiliko jingine lolote kwenye brashi linalolipa namna hiyo pande mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu malighafi sikusumbuka sana. Nywele za nguruwe zimechongoka kwa asili na ncha zake zimepasuka zenyewe, ndiyo maana zimependwa miaka mingi kwa rangi ya mafuta. Tatizo lake ni maji: zinayanywa, zinalegea, na kwenye rangi ya maji brashi inakuwa kama kitambaa. Nailoni huvumilia kusuguliwa, lakini nayo hunyonya maji kidogo na hulegea kwenye joto. Poliesta hainyonyi karibu chochote na hubaki kakamavu siku nzima. Nilichanganya hizo mbili, poliesta ikiwa nyingi kidogo, kwa kuwa kazi zangu karibu zote ni rangi ya maji.

Urefu nao una masharti yake. Mafundi wengi huchagua brashi ambayo nywele zake zinazidi upana wake kwa karibu nusu, na kwa brashi ya milimita 50 hiyo ni kama milimita 75. Nilitamani kurefusha zaidi ili ibebe zaidi, lakini ukakamavu hushuka kwa kipeo cha tatu cha urefu. Ongeza robo ya urefu na umepoteza karibu nusu ya ukakamavu. Brashi ndefu hivyo inabeba kweli, ila haikati mstari ulionyooka. Nilibaki kwenye 75, na sio zote: karibu robo ya nywele nilizikata fupi zaidi na kuzichanganya ndani ya fungu. Hizi fupi hazigusi ubao kabisa. Zinakaa katikati kuzuia ndefu zisigandane, na kila zinapoishia zinaacha mfuko mdogo wa rangi.

Kabari ndiyo iliyonichukua muda. Kwa kabari moja nene, rangi ilijaa tele, halafu ukiinua brashi inadondoka mara moja, na ukikandamiza brashi inafunguka katikati kama mdomo wa samaki na kuacha mistari miwili sambamba. Bila kabari kabisa, fungu linakuwa gumu, halibebi. Kabari mbili nyembamba, zenye nywele kati yake na pande zote, zilitoa safu tatu za nywele na nyufa mbili finyu za kuhifadhi rangi. Kila ufa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nywele za pande zote mbili zikilowa zinakutana chini yake na kuufunga mlango. Rangi haitoki mpaka ukandamize. Zaidi ya hapo nilizikata ncha za chini za kabari kwa mshazari zikawa nyembamba, badala ya kuziacha butu, na nyufa zikaungana na nywele bila ngazi.

Gundi inataka uangalifu ambao hakuna aliyenieleza. Unaweka nywele ndani ya bati zikitazama chini, unazigonga zilingane, unasukuma kabari, kisha unamimina gundi ya epoksi kutoka upande wa mpini. Epoksi ikiwa nyepesi inafanya kile ambacho rangi hufanya: inateremka yenyewe kati ya nywele, inavuka bati, na kugandisha shina la brashi likawa kama ubao. Niliiacha ianze kuwa nzito ndani ya kikombe kabla ya kuimimina, ikafika katikati ya bati na kusimama. Nywele zote lazima ziwe kavu kabisa, vinginevyo zitang'oka moja moja kwenye rangi ya watu.

Baada ya gundi kukauka nilizichana, nikakata ncha kwa umbo la patasi, yaani katikati ndefu na pande mbili zinapungua. Kisha nilizisugua ncha kwenye brashi ya waya hadi zikaanza kupasuka. Chini ya kioo cha kukuzia unaona ncha moja imekuwa nyuzi tatu au nne laini sana, na kugusa kwake kunabadilika kutoka kuchoma hadi kuteleza. Ncha zilizopasuka ndizo zinazofuta alama za mpigo. Ukipasua sana nywele zinaisha haraka, kwa hiyo niliishia milimita chache tu.

Niliirudisha kwenye mizani. Ikilinganishwa na brashi ya dukani yenye upana uleule, mzigo wake kwa mchovyo mmoja ulikuwa mkubwa kidogo tu, si kwa kiasi cha kujivunia. Tofauti ilikuwa kwenye kilichotoka. Mpigo uliendelea mbali zaidi, unene wa rangi haukubadilika sana mwanzo na mwisho, na uzito uliobaki ndani ya brashi ulikuwa mdogo. Matangazo ya brashi husifia kubeba. Mimi ningependa waandike kiasi kinachobaki ndani baada ya mpigo kuisha.

Rangi yenyewe inasaidia ukiielewa. Rangi nyingi za siku hizi ni nzito zikitulia na hulainika zikisukumwa, kisha hurudi kuwa nzito tena. Hiyo ndiyo sababu haidondoki ikiwa imetulia ndani ya brashi, lakini inateleza ukianza mpigo. Inafuata kwamba mpigo wa polepole sana hautoi rangi vizuri hata kwa brashi nzuri. Na uchovyaji nao: ninazamisha theluthi moja ya nywele, nagonga brashi taratibu kwenye kuta za ndani za kopo pande mbili, basi. Wanaofuta brashi kwenye ukingo wa kopo wanautoa mzigo wa upande mzima kabla hata ya kuanza kazi, halafu wanalalamika kwamba brashi haibebi.

Kuna gharama moja ambayo sijaiondoa. Nyufa mbili na nywele fupi za ndani zinashika rangi juu karibu na bati, na kuosha kunachukua muda mrefu kuliko brashi ya kawaida. Ninaifungua kwa chanuo la waya huku maji yakipita kutoka shinani kuelekea nchani, ninaizungusha kati ya viganja itoe maji, kisha ninairudisha kwenye maji safi mpaka maji yatoke bila rangi. Rangi ikikauka mle ndani, zile nafasi zote nilizozihangaikia zinazibwa na brashi inarudi kuwa fungu gumu. Kwa sasa ninajaribu kuweka kabari ndefu zaidi ili nyufa zianze chini kidogo ya bati, mahali ambapo chanuo linafika.