Diwani wa James Bay, 1866

Nikipiga simu nyumbani sikosi kuulizwa kama huku Victoria, Kanada, kuna watu weusi. Wapo, tena tangu 1858. Mmoja wao, Mifflin Wistar Gibbs, alikuwa diwani wa mji huu, na natamani kila Mwafrika anayehamia hapa aijue habari yake.

Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, akajifunza useremala. Mwaka 1850 alifika San Francisco, akaanza kwa kung'arisha viatu, kisha yeye na Peter Lester wakafungua duka la viatu. Biashara ilishika. Lakini sheria ya California haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Lester alipigwa na mteja mzungu humo humo dukani mwao, na hawakuwa na pa kushtaki. Kura wamenyimwa, kodi ya kichwa wanadaiwa! Wakakataa kulipa. Bidhaa zao zikakamatwa na kupelekwa mnadani, asitokee wa kuzinunua, zikarudishwa. Babu zetu waliokimbizana na watoza kodi ya kichwa wangemwelewa mara moja.

Mwaka 1858 dhahabu ilipovuma huku mto Fraser, Gibbs alipanda meli kuja Victoria. Hakuja kuchimba. Alikuja na unga, mablanketi, sururu na makoleo, vikanunuliwa upesi na wachimbaji. Akajipatia nyumba, akafungua duka lililoshindana na kampuni kubwa ya Hudson's Bay.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakuridhika na kukaribishwa tu. Ubaguzi ulikuwapo hata huku: mwaka 1861 yeye na mkewe Maria walimwagiwa unga wakiwa ukumbini kwenye tamasha. Hata hivyo alichukua uraia wa Uingereza, maana wakati huo huku kulikuwa koloni la Waingereza, akapiga kura, akagombea, akashindwa, akagombea tena. Mwaka 1866 kata ya James Bay ikampa udiwani, akaongoza kamati ya fedha. Sisi tunakaa hapa miaka na miaka, kodi tunalipa, ila hata siku ya kikao cha baraza hatuijui. Hilo linaniuma, maana mambo ya nyumba, barabara na leseni za biashara zetu huamuliwa mle. Mwenye uraia tayari ana kura, na uchaguzi wa madiwani hufanyika Oktoba, kila baada ya miaka minne.

Baadaye Gibbs alirudi Marekani, akasomea sheria, na mwaka 1873 akachaguliwa hakimu wa mji wa Little Rock, Arkansas. Alipokwisha kupita miaka sabini, Rais McKinley alimteua kuwa balozi mdogo huko Tamatave, Madagaska, kwenye Bahari ya Hindi yetu hii. Alifanya kazi huko hadi 1901.